ALAMA AU UTENDAJI? Historia ya Kumpima Mwanafunzi, Ikitazamwa kutoka Mloka

1. Utangulizi

Swali la kwamba mwanafunzi apimwe kwa alama za mtihani au kwa kazi anayoweza kuifanya si geni nchini mwetu. Wakoloni waliliuliza, Mwalimu Nyerere akaliuliza, na mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umelirudisha tena kwa jina la mkondo wa amali. Vyuo vyetu vya theolojia haviwezi kulikwepa, kwa maana kila mwaka vinatoa vyeti vyenye alama, na kila mwaka sharika hupokea watu, wala si alama.

Makala hii inakusudia kufuatilia historia ya swali hilo nchini Tanzania ikiwa imesimama mahali pamoja, yaani Mloka, kijiji cha Rufiji kilicho jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi ambayo stadi za kuishi ni nyingi na vyeti ni vichache. Pili, Wakristo wa Rufiji ni wachache kati ya Waislamu wengi. Kwa hiyo mtumishi anayepelekwa upande ule hupimwa na majirani wasiojua, wala wasiouliza, alipata daraja gani katika Kiebrania.

Hoja yetu ni kwamba historia haiupi ushindi upande wowote kati ya hizo mbili. Mtihani wa karatasi umepima sehemu ndogo ya mtu. Lakini kipimo cha utendaji nacho, kila kilipowekwa mikononi mwa wachache wenye mamlaka, kimefungua mlango wa upendeleo. Hatuna budi kuuliza si tu tunapima nini, bali tunapima kwa kusudi gani, na ni nani anayepima.

2. Vipimo vya bondeni

Bonde la Rufiji lilikuwa na elimu kabla halijawa na madarasa. Mpunga hupandwa kabla ya mafuriko. Maji yanaposhuka, watu hupanda mahindi, kunde na maboga katika udongo uliobaki na unyevu, kilimo kiitwacho mlau. Nyakati hizo jamaa huhamia mashambani na kulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuyalinda mazao dhidi ya nguruwe, viboko na tembo. Mtoto aliyekulia dunguni alijifunza kuusoma mto, kuendesha mtumbwi kwa pondo, na kutambua siku ya kupanda. Hakuna aliyemwandikia alama. Aliyekosea hakupewa sifuri, alikosa chakula.

Hali kadhalika, msichana aliyejifunza kusuka mkeka wa ukindu hakuambiwa kwamba amekuwa wa tatu kati ya ishirini. Aliambiwa afumue alipokosea, asuke tena. Mtahini wake wa mwisho alikuwa mnunuzi.

Chuo cha Kurani, kilichoenea pwani yote, kilifuata njia iliyo karibu na hiyo. Mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, mmoja mmoja, wala havuki somo mpaka lile la nyuma limenyooka. Mwepesi hutangulia na mzito hufuata, lakini wote wanatarajiwa kufika. Kweli, njia hiyo ina upungufu wake: mtoto aweza kusoma vizuri asielewe maana ya anachosoma. Lakini tusiwe wepesi wa kuwahukumu jirani zetu. Watoto wengi wa kipaimara katika sharika zetu wamekariri Katekismo kwa namna ile ile.

Katika vipimo hivi vyote kuna jambo moja la kuzingatia. Aliyepima hakuwa na nia ya kuchuja. Jamii ya bondeni haikuwa na nafasi kumi za kulima na watoto mia wa kuzigombea; ilihitaji kila mtoto aweze. Kwa sababu hiyo kupima na kufundisha vilikuwa kazi moja.

3. Kalamu na jembe

Serikali ya Wajerumani ilileta upimaji wa aina nyingine. Shule ya Tanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1890, na shule nyingine za serikali zilizofuata, zilikusudiwa kutoa makarani, wakalimani, walimu na watumishi wa utawala. Kujua kusoma na kuandika Kiswahili kukawa njia ya kupata cheo. Katika wilaya za kusini, maakida walitumwa kuwasimamia wananchi katika kodi na kilimo cha pamba cha lazima. Mwezi wa Julai 1905 Vita vya Maji Maji vikaanza katika vilima vya Umatumbi, kusini tu mwa Rufiji. Naye Kinjikitile wa Ngarambe akanyongwa huko Mohoro mwezi wa Agosti. Sababu za vita hivyo ni nyingi, wala hatusemi kwamba vililetwa na shule. Twasema tu kwamba kalamu ilikuwa imekwisha kuonekana kama alama ya yule anayeamuru, na jembe kama alama ya yule anayeamriwa.

Waingereza walipotawala waliliona tatizo hilo, wakalitibu vibaya. Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na iliyokuwa na James Aggrey wa Pwani ya Dhahabu kati ya wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Ilishauri kwamba elimu ya Waafrika ilingane na mazingira yao: kilimo, afya, ufundi na maisha ya nyumbani. Waraka wa sera wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1925 ulifuata mwelekeo huo. Huko Malangali, mkoani Iringa, W. B. Mumford alijaribu mwishoni mwa miaka ya 1920 kujenga shule juu ya mila za wenyeji.

Mawazo hayo yalikuwa na hekima ndani yake, lakini wazazi wengi waliyatilia shaka, na shaka yao ilikuwa na haki. Mzazi wa Kiafrika hakulidharau jembe. Alilijua kuliko mkaguzi wa shule. Aliona tu kwamba wale waliomsifia mwanawe jembe waliwapeleka wana wao wenyewe kwenye kalamu. Wakati vyeo na mishahara vilipopatikana kwa cheti cha Cambridge, kumwambia mtoto wa mkulima apimwe kwa bustani yake kulikuwa sawa na kumfungia mlango kwa maneno matamu. Basi mtihani wa karatasi, pamoja na ubaridi wake wote, ulipendwa kwa sababu moja kubwa: msahihishaji aliyeketi Uingereza hakujua kama mtahiniwa ni mtoto wa chifu au wa mvuvi. Aliona namba tu.

4. Elimu ya Kujitegemea na Azimio la Musoma

Mwezi wa Machi 1967, muda mfupi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alisema kwamba shule zilikuwa zikiwaandaa watoto wote kwa ajili ya nafasi ambazo wengi wao hawatazipata, na kwamba mtihani hupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa saa iliyopangwa, bali haupimi tabia, fikra, wala moyo wa kutumika. Alitaka mtihani upunguziwe heshima uliyopewa, elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na kila shule iwe na shamba au karakana.

Rufiji iliyapokea mawazo hayo katika wakati mgumu. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu kutoka bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa vilivyo mahali pa juu. Hapo shule na zahanati ziliweza kujengwa karibu na watu. Lakini shamba lenye rutuba lilibaki chini, penye maji. Hivyo ikatokea ajabu: shule iliyoagizwa kufundisha kazi ilisimama mbali na mahali kazi yenyewe ilipofanyika, na mtoto aliyekwenda dunguni kulinda mpunga pamoja na wazazi wake aliandikwa mtoro. Stadi yake ya kweli ilihesabiwa kuwa kosa, huku kulima shamba la shule kukihesabiwa kuwa elimu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikwenda mbali zaidi. Liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ambayo lengo lake liliwekwa mwaka 1977, na likaagiza kwamba mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 baada ya nchi kujitoa katika mitihani ya kigeni na ya pamoja ya Afrika Mashariki, liliingiza maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi katika alama za sekondari kuanzia mwaka 1976. Aidha, aliyemaliza kidato cha sita hakuweza tena kwenda moja kwa moja Chuo Kikuu. Ilimpasa kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, kufanya kazi, na kuleta mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama.

Hapa ndipo historia yetu inapotufundisha jambo zito. Nia ilikuwa njema: mtu ajulikane kwa kazi yake. Lakini utendaji na tabia havijipimi. Hupimwa na mtu. Kijana aliyemjibu mkuu wake kwa haki angeweza kuandikwa mkaidi, na aliyenyamaza mbele ya uovu angeweza kuandikwa mtiifu. Matokeo mengine yalionekana mapema: idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ilishuka, na baada ya miaka michache sharti hilo likalegezwa kwa ajili yao. Hatimaye liliachwa kwa wote. Kipimo kilichokusudiwa kuondoa ubaguzi wa karatasi kilikuwa kimezaa ubaguzi wa namna nyingine.

5. Mtihani wa kisomo

Katika miaka hiyo hiyo, hata hivyo, Tanzania ilifanya upimaji mwingine ambao wanahistoria wa elimu hawajausahau. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wilaya sita zikachaguliwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Mojawapo ilikuwa Mafia, kisiwa kinachotazamana na delta ya Rufiji. Mwezi wa Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kitaifa wa kisomo.

Mtihani huo ulikuwa na hatua nne. Wa hatua za chini alikuwa bado njiani. Wa hatua ya juu kabisa ni yule aliyeweza kukitumia kisomo katika maisha yake: kusoma gazeti, kufuata maelekezo, kuandika hesabu ndogo za mapato na matumizi. Vitabu vyenyewe vilihusu kazi za watu, kama vile pamba, uvuvi na ufugaji. Hapa karatasi na kazi havikupigana. Tena, aliyeshindwa hakufukuzwa; alirudi darasani jioni iliyofuata. Ilitangazwa kwamba wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Kwa kweli miaka iliyofuata idadi yao ilipanda tena, kwa kuwa ujuzi usiotumika hufifia, na fedha na ari vilipungua. Lakini namna ile ya kupima ilikuwa ya wale wanaotaka kila mtu afike, kama kule bondeni.

6. Kutoka mwaka 1976 hadi siku hizi

Maendeleo ya darasani yaliyoingizwa mwaka 1976 yalikabiliwa na ugumu uleule wa mpimaji. Alama zilizotolewa na walimu wa shule mbalimbali hazikulingana. Shule moja ilikuwa karimu na nyingine bahili. Pole pole kile kilichoitwa kipimo cha kazi kikawa majaribio mengine ya karatasi, yaliyojumlishwa na mtihani wa mwisho. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulibadilishwa ili ujengwe juu ya umahiri, lakini mtihani uliendelea kuuliza kwa kiasi kikubwa yale yale. Kisha, mwezi wa Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Serikali iliyafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya. Watoto walikuwa wale wale na karatasi zao zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kupanga alama. Taifa zima likaona wazi kwamba alama si kitu kilichochimbwa ardhini kama dhahabu. Ni uamuzi wa watu.

Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la mwaka 2023, imeweka mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Ni jambo la kushukuru. Lakini yeyote aijuaye historia tuliyoieleza atauliza swali la yule mzazi wa mwaka 1925: ni watoto wa nani watakaopelekwa kwenye amali? Ikiwa watakuwa wa Mloka peke yao, tutakuwa tumerudi tulikotoka.

7. Maandiko na Matengenezo

Kitabu cha Waamuzi kinatuwekea vipimo viwili mbele yetu. Katika sura ya 7 watu wa Gideoni wanapimwa mtoni kwa namna wanavyokunywa maji. Ni kipimo cha utendaji, na waliobaki ni 300. Wale wengine wanarudi makwao kwa amani. Katika sura ya 12 Wagileadi wanawapima Waefraimu kwenye vivuko vya Yordani kwa kutamka neno moja, Shibolethi. Ni mtihani mfupi, ulio wazi, wenye jibu moja sahihi, na walioshindwa waliuawa, 42,000. Tofauti kati ya sura hizi mbili haiko katika swali lililoulizwa. Iko katika kusudi la muulizaji.

Historia ya kanisa letu nayo ina neno. Katika miaka ya 1527 na 1528 yalifanyika makaguzi ya sharika katika Saksonia, kwa mwongozo ulioandikwa na Philipp Melanchthon. Wakaguzi waliwapima wachungaji katika mafundisho, lakini pia walichunguza mwenendo wao. Martin Luther, aliyeshiriki katika makaguzi hayo, aliona kwamba wengi hawakuijua hata imani yao ya msingi. Alifanya nini na matokeo hayo? Mwaka 1529 alitoa Katekismo Ndogo na Katekismo Kubwa. Yaani, upimaji ulizaa kitabu cha kuwasaidia walioshindwa. Mtume Paulo naye, katika 1 Timotheo 3, ataka mashemasi wajaribiwe kabla ya kuingia katika huduma, na katika sura hiyo hiyo aagiza kwamba askofu awe na ushuhuda mwema kwa watu walio nje ya kanisa. Mahali kama Mloka, neno hilo lina uzito wa pekee: walio nje ndio wengi.

8. Yatupasayo vyuoni

Tumfikirie basi vikari aliyetumwa Rufiji. Jirani yake Mwislamu anamwuliza kwa adabu, wakiwa wameketi barazani, kama ni kweli kwamba Wakristo wana miungu watatu. Ni nini kitakachomsaidia saa hiyo? Tabasamu peke yake halitoshi, wala moyo wa kazi. Anahitaji kulijua fundisho la Utatu Mtakatifu kiasi cha kuweza kulisema kwa Kiswahili chepesi bila kupotosha. Somo lile lililoonekana kuwa la alama tu limegeuka kuwa stadi ya kazi. Kwa upande mwingine, mwezi wa Aprili 2024, mafuriko yalipozamisha nyumba na mashamba ya watu wa Rufiji na Kibiti, mtumishi aliyehitajika ni yule anayejua kuketi matangani, kugawa chakula bila kuuliza dini, kushauriana na shehe na mwenyekiti wa kijiji, na kunyamaza panapostahili. Hakuna karatasi ya saa tatu iwezayo kupima hayo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. La kwanza, mtihani wa maandishi ubaki, na uwe wa namba pasipo jina. Usidharauliwe, ndio ngao ya mwanafunzi asiye na mjomba katika dayosisi. Lakini maswali yake yamtake mwanafunzi aeleze imani kwa watu halisi, asirudishe tu daftari la mwalimu.

La pili, mafunzo ya vitendo yasipimwe na mchungaji msimamizi peke yake. Wazee wa usharika, kina mama wa usharika, na inapowezekana jirani asiye Mkristo, waulizwe wameona nini. Majibu yao yaandikwe kwa maneno, siyo kwa asilimia, na mwanafunzi ayasome na kuruhusiwa kujibu. Tathmini ya tabia iliyofichwa ndiyo iliyoharibu jaribio la Musoma. Tusiirudie nyumba kwa nyumba katika kanisa.

La tatu, anayeshindwa katika kazi apewe muda na mlezi, kama yule aliyerudi kwenye darasa la kisomo jioni iliyofuata. Chuo cha theolojia kisijihesabu kuwa kichujio. Mavuno ni mengi, na watenda kazi hawajatosha.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba kalamu na jembe viligombanishwa na historia, si na hali yao ya asili. Pale ambapo upimaji ulikusudiwa kuchuja, hata jembe liligeuka kuwa kizuizi. Na pale ulipokusudiwa kumfikisha kila mtu, hata karatasi ilikuwa msaada. Vyuo vyetu vitapima, na ni lazima vipime, kwa kuwa roho za watu si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha. Lakini cheti tunachokitoa kiwe ahadi kwa wale watakaompokea mwenye nacho. Mwenyekiti wa kijiji, mama msuka mikeka na mzee anayelinda mpunga dunguni hawatakiomba wakisome. Watamsoma mtu mwenyewe, kisha watajua kama tulimpima kwa kweli.